Kazi nimemfundisha mimi, mshahara kanizidi yeye. Wanawake tunalipwa kidogo kwa nini?

#1 BintiBarani (mleta uzi)
Assalaam aleikum wadau, na wengine hamjambo. Kuna jambo limenikaa kooni wiki nzima nimeona nilitoe hapa. Mimi niko mapokezi kwenye hoteli moja huku Malindi, huu mwaka wa sita. Mwaka juzi akaletwa kijana, nikamkalisha kwenye kompyuta mimi mwenyewe, kuingiza wageni, kufunga hesabu za usiku, mpaka Kitaliano cha kumuomba mgeni radhi maji yakikatika nilimfundisha mimi. Juzi akaniomba nimpigie picha slipu yake ya mshahara aitume kwa sako aombe mkopo, simu yake kamera imekufa. Nikaona msingi 29,500. Mimi yangu ni 24,000. Meza moja, shifti zile zile, wageni wale wale. Sikumwambia kitu, nikamrudishia karatasi yake.
Sasa nauliza kwa nia safi, hapa Kenya mwanamke analipwa chini ya mwanamume kwa nini? Ni ubaguzi, ni sisi hatujui kuomba, ama kuna hesabu mimi siioni?

#2 Kipepeo_Maweni
Pole sana dada. Hoteli gani hiyo tuijue?

#3 BintiBarani
Sitaji. Watoto wangu wanakula kutoka pale.

#4 Nahodha_Kaskazi
Mimi nitasema ukweli mkitaka mnichukie. Kazi za hela ni kazi za hatari na nguvu. Nani anapanda mnazi kugema? Nani anakata mawe kwenye machimbo? Nani analala baharini siku nne na upepo wa kusi unavuma? Ni wanaume. Hatari inalipwa. Kesi ya mleta uzi ni nyingine, hiyo naona kaonewa, lakini msichukue kesi ya meza moja mkaifanya ya nchi nzima.

#5 MamaKaranga_Ngomeni
Nahodha baba, baharini mwaenda nyie sikatai na tunawaombea mrudi. Lakini hebu eleza samaki akishafika ufuoni nini hutokea. Tajiri ndiye mwenye chombo na nyavu na mashine, kwa hivyo anachagua kwanza, changu wakubwa na kolekole wote wake, wanakwenda kwenye barafu, wanakwenda hotelini. Sisi mama karanga, wakaanga samaki, tunasimama pembeni na masufuria tunangoja mabaki, tafi wadogo, pono, na hayo mabaki tunauziwa kwa bei ambayo mtu haulizwi. Nikikaanga nikiuza barazani faida yangu ya siku ni ya mafuta na unga. Nimefanya hivi miaka kumi na tisa sijawahi kuona mwanamke tajiri wa samaki hapa kwetu, na si kwa sababu ya nguvu, tajiri mwenyewe hapandi chombo, anakaa kwenye kiti cha plastiki na daftari. Kushika daftari naweza. Ila chombo kinanunuliwa na mkopo, mkopo unataka hati ya shamba, na hati ina jina la nani?

#6 Kipepeo_Maweni
Kiti cha plastiki na daftari 😂 Nahodha jibu hapo

#7 Nahodha_Kaskazi
Sina la kujibu juu ya tajiri, mimi mwenyewe ananinyonya.

#8 Mwalimu_wa_Hesabu
Tutenganishe maswali mawili, yamechanganyika. La kwanza, ukichukua wanawake wote wanaofanya kazi na wanaume wote ukalinganisha kipato cha wastani, wanaume wako juu, nchi karibu zote za dunia. La pili, watu wawili kazi moja sifa sawa, mmoja alipwe chini. Nahodha na MamaKaranga wanaongea la kwanza, mleta uzi analia na la pili. La kwanza linatokana sana na nani yuko kazi gani, la pili linatokana na mwajiri.
Nipeni mfano wa kuonyesha kwamba "kazi gani" nayo si kitu cha maumbile. Kwenye agizo la serikali la mishahara ya chini, yaya, mfanyakazi wa nyumbani, mtunza bustani, mfagiaji na mlinzi wa mchana wote wako kundi moja. Mwaka 2022 kundi hilo lilikuwa shilingi 15,201.65 kwa mwezi kwa majiji kama Nairobi na Mombasa, Novemba 2024 likapanda asilimia 6 hadi 16,113.75. Malindi kiwango kiko chini kidogo ya hapo. Sasa niambieni ukweli, mtaani kwenu yaya anapata hiyo hela? Na mtunza bustani wa nyumba hiyo hiyo anapata ngapi?

#9 Dada_Kisumu_Ndogo
Mwalimu mimi nimefanya uyaya, nilikua napewa 6,000 na chakula, kijana wa bustani 10,000 na anakuja saa mbili anaondoka saa kumi. Mimi nalala na mtoto chumba kimoja akilia saa nane usiku ni mimi. Nikauliza mama mwenye nyumba akanambia wewe unakula hapa hapa. Kwani kula ni mshahara

#10 Mwalimu_wa_Hesabu
Na tazameni hili, mlinzi wa usiku kwenye agizo lile lile yuko kundi la juu kuliko mlinzi wa mchana. Serikali inakubali kwamba kukesha ni kazi zaidi. Yaya anayekesha na mtoto hana kundi la usiku. Hilo limenikera tangu siku niliyolisoma.

#11 Wakili_wa_Kijiweni
Habari zenu. Mleta uzi soma hapa vizuri. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kifungu cha 5 inasema mwajiri alipe ujira sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Sio "kazi moja" tu, thamani sawa. Katiba ya 2010 ibara ya 27 inakataza ubaguzi wa jinsia, ibara ya 41 inampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki. Na kizuri zaidi, kwenye kifungu hicho cha 5 mzigo wa kuthibitisha uko kwa mwajiri, yaani ukidai umebaguliwa yeye ndiye aonyeshe kwamba hakukubagua. Kenya pia iliridhia mkataba wa kimataifa wa ujira sawa, ule namba 100 wa Shirika la Kazi Duniani wa 1951, tukauridhia mwaka 2001. Mahakama ya kazi iko hapa hapa Malindi. Usilale, madai ya kazi yana muda wa miaka 3.

#12 Tuktuk_Mtangani
Wakili sheria tunazo, tatizo mtu akishtaki leo kesho hana kazi, na msimu wa mvua kuanzia mwezi wa nne hoteli zinafunga au zinapunguza watu, unadhani anayepunguzwa kwanza ni nani

#13 Mfanyabiashara_Casuarina
Niongee upande wa mwajiri maana hamna anayeongea. Nina nyumba za wageni, ndogo tu. Nikiajiri msichana wa miaka 25 najua ataolewa, atazaa, nimlipe miezi miwili yuko nyumbani na nimlipe mwingine anayeshika nafasi. Hela hiyo haitoki serikalini, inatoka mfukoni mwangu. Si kwamba nachukia wanawake, mke wangu ndiye anashika vitabu vyangu. Lakini hesabu ni hesabu, na mwajiri mwingine akiwaza hivyo anaanza na mshahara wa chini kama kujikinga. Angalau akienda likizo ya uzazi anapoteza likizo yake ya mwaka.

#14 Wakili_wa_Kijiweni
@Mfanyabiashara #13 hiyo ni sheria ya zamani. Kabla ya 2007 ndio ilikua miezi miwili na mama anapoteza likizo ya mwaka. Sasa ni miezi mitatu kwa mshahara kamili, na likizo ya mwaka haiguswi. Baba naye ana wiki mbili kwa mshahara kamili. Kama unawakata watu likizo zao rudisha ndugu yangu.

#15 Mfanyabiashara_Casuarina
Nimekubali kusahihishwa, sikujua hilo la likizo ya mwaka. Nitaangalia vitabu. Lakini hoja ya mfuko wangu iko pale pale. Gharama ya kuzaa taifa ameachiwa mwajiri peke yake.

#16 Dada_Kisumu_Ndogo
Si mwajiri peke yake. Na mwenye mimba yuko wapi kwenye hesabu hiyo

#17 Fundi_Matondoni
Mimi ni mtu wa Amu (Lamu), niwape ya kwetu. Matondoni wanaume huunda majahazi na wanawake husuka mikeka. Fundi wa chombo kazi yake ina bei ya siku, mnakaa mnapatana kabla msumari wa kwanza haujaingia. Mwenye mkeka hukatiwa bei baada ya kumaliza, na mkeka mzuri ukili wake husukwa wiki na wiki, huku apika, huku awaosha wana. Mamangu yeye hushona kofia za mkono. Kofia moja miezi mitatu, tundu moja moja mpaka mato yauma. Mchuuzi humpa 3,500, yeo nikaiona kofia ya kazi yake mamangu (naijua mkono wake, ana mshono wake) dukani Mombasa 9,000. Na mchuuzi hakushona hata tundu.
Sasa mimi najiuliza, fundi hulipwa kwa siku, mamangu hulipwa kwa kitu. Ungegawanya ile 3,500 kwa siku alizokaa mkekani ni kama shilingi arobaini. Hakuna mtu mume atakubali arobaini. Lakini kwa sababu afanyia nyumbani, haionekani kama ni kazi, huambwa "ajishughulisha".

#18 MamaKaranga_Ngomeni
"Anajishughulisha." Neno hilo hilo. Mume wangu Mungu amrehemu alikuwa akiulizwa mkeo anafanya nini anajibu "yuko tu nyumbani anajishughulisha na samaki", na ada ya shule inatoka kwenye hao samaki.

#19 Umm_Hafsa_Mkomani
Assalaam aleikum. Naona kuna kitu watu wanakigusa pembeni. Kwetu Waislamu mume ndiye mwenye wajibu wa nafaka, yaani kumlisha na kumtunza mke, na pesa ya mke ni ya mke, halazimiki kutoa hata shilingi. Suratun Nisaa aya ya 32 iko wazi, wanaume wana fungu katika walichochuma na wanawake wana fungu katika walichochuma. Bi Khadija alikuwa tajiri wa misafara kabla hajaolewa na Mtume. Na Lamu nyumba nyingi za mawe za Mkomani ni za wanawake, binti akiolewa hupewa nyumba na wazazi.
Tatizo ni waajiri wameichukua nafaka wakaigeuza. Wanasema huyu ana mume, mshahara wake ni wa mapambo. Dini haikusema hivyo popote. Wajibu wa mume kulisha haumpi tajiri haki ya kumpunja mke wa mtu. Na mjane je? Na aliyeachwa na watoto wanne, naye mshahara wake wa mapambo?

#20 Nahodha_Kaskazi
Umm Hafsa hapo umenigusa. 2014 baada ya mashambulizi ya Mpeketoni tulipozuiwa kuvua usiku upande wa Lamu, nyumba yangu ilikula mahamri ya mke wangu. Aliamka saa tisa. Mimi niliyesema wanaume ndio wa kazi nzito nilikuwa nimekaa barazani.

#21 Kipepeo_Maweni
Nahodha leo umegeuka mara mbili kwenye uzi mmoja, karibu upande huu kuna chai

#22 Nahodha_Kaskazi
Sijageuka, hoja ya hatari bado nasimama nayo. Nimesema tu niliyoyaona.

#23 Msomi_wa_Watamu
Kuna mama mmoja Mmarekani, Claudia Goldin, alipewa Nobel ya uchumi 2023 kwa mada hii hii, mwanamke wa kwanza kuipata. Alichimba takwimu za Marekani za miaka 200. Anachosema kwa ufupi ni kwamba zamani pengo lilitokana na elimu na aina ya kazi, siku hizi kwa wenye elimu sawa pengo kubwa linafunguka baada ya mtoto wa kwanza. Kazi zinazolipa sana zinataka mtu anayepatikana saa yoyote, usiku, Jumapili, akipigiwa simu aje. Nyumba yenye mtoto lazima mmoja awe wa kupatikana nyumbani, na huyo mmoja huwa mama. Denmark nako walitazama, mistari ya mshahara wa mke na mume inakwenda pamoja mpaka mtoto anazaliwa, wa mama unaporomoka wa baba haugusiki, na miaka baadaye pengo la kama asilimia 20 bado liko. Denmark hiyo, yenye chekechea za serikali.

#24 Mwalimu_wa_Hesabu
Sahihisho dogo. Mwanamke wa kwanza Nobel ya uchumi ni Elinor Ostrom, 2009, alipewa pamoja na mwenzake. Goldin ni wa kwanza kupewa peke yake. Na Nahodha utampenda Ostrom, alionyesha watu wenyewe, wavuvi wakiwemo, wanaweza kujiwekea kanuni za bahari yao bila kuzimaliza samaki.

#25 Nahodha_Kaskazi
Mwalimu lete habari zake zaidi, hata uzi mwingine. Sisi wazee wa ufuo tumesema hayo miaka na tunaletewa watu wa kutufundisha.

#26 Tuktuk_Mtangani
Tusihame mada wazee. Hilo la kupatikana saa yoyote ni kweli tupu. Mimi nawabeba wafanyakazi wa hoteli usiku. Shifti inayoisha saa sita wanaume wanapanda boda wanaenda, dada anangoja mtu anayemwamini, wengine wananipigia mimi kwa sababu wananijua na mama yangu, analipa mara mbili ya boda. Ukitoa nauli hiyo kwenye mshahara hata wakilipwa sawa hawalipwi sawa. Wengine wanaacha shifti ya usiku kabisa na ndiyo yenye bakshishi.

#27 Msomi_wa_Watamu
Asante Mwalimu, sahihi. Na utafiti wa matumizi ya muda wa shirika letu la takwimu, KNBS, wa 2021, ulikuta wanawake Kenya wanatumia karibu mara tano ya muda wa wanaume kwenye kazi za nyumbani na kulea zisizolipwa. Mara tano. Mimi mwenyewe nilipima wiki moja nyumbani kwangu baada ya kusoma hiyo, nikaona aibu, sasa napika siku tatu.

#28 Aliyerudi_Riyadh
Mimi nimesoma kimya. Nilikwenda Saudia miaka minne. Mkataba wangu wa nyumbani ulikua riyali 900. Dereva wa nyumba hiyo hiyo, Mkenya mwenzangu, 1,500. Yeye anapeleka watoto shule anarudi analala mpaka saa sita. Mimi naamka kabla yao nalala baada yao. Kule hakuna mimba, hakuna watoto wangu pale, nilikua napatikana saa ishirini na nne. Kwa hivyo huyo profesa Goldin simkatai lakini maneno yake hayanielezi mimi. Nilipatikana saa zote na bado nililipwa kidogo. Kazi yenyewe ikishaitwa ya kike bei inashuka.

#29 Umm_Hafsa_Mkomani
Pole mama, na umesema jambo zito.

#30 Msomi_wa_Watamu
#28 imenifanya nirudi nyuma. Kweli, haielezeki kwa mtoto wala saa.

#31 Mfanyabiashara_Casuarina
Na kuomba je? Mleta uzi aligusa mwanzo. Mimi wanaume wakija intavyuu nikisema 20,000 wanasema bosi weka 26,000. Wasichana wanasema asante. Sijamkata mtu, nimempa alichokubali.

#32 Dada_Kisumu_Ndogo
Mimi niliomba. Nikaambiwa nina mdomo

#33 Wakili_wa_Kijiweni
@Mfanyabiashara "alichokubali" haikutoi kwenye kifungu cha 5. Ukijua thamani ya kazi ni 26,000, mpe 26,000. Hoteli zenye makubaliano ya pamoja na chama cha wafanyakazi kama KUDHEIHA, cha watu wa hoteli na majumbani, mshahara unaandikwa kwa daraja la kazi, hakuna kushindana kwa mdomo. Walimu wa TSC, tume ya serikali inayowaajiri, ni hivyo, ukiwa daraja lile lile mke kwa mume mshahara wa msingi ni mmoja. Iceland tangu 2018 kampuni yenye wafanyakazi 25 na zaidi inatakiwa ithibitishe yenyewe kwamba inalipa sawa, haisubiri mfanyakazi aje alalamike. Hao mwaka 1975 tarehe 24 Oktoba wanawake kama asilimia 90 waliacha kazi siku moja, za ofisini na za nyumbani, wanaume wakaenda kazini na watoto.

#34 MamaKaranga_Ngomeni
Siku moja tu? Hapa Ngomeni tukiacha siku moja watu watalala njaa mchana huo huo.

#35 Mwalimu_wa_Hesabu
Lakini hata TSC ukihesabu wakuu wa shule za sekondari utaona walio juu ni akina nani. Daraja ni sawa, kupanda ngazi ndiko kwenye kazi.

#36 BintiBarani (mleta uzi)
Nimerudi, shukrani nyingi kwa wote, nimesoma kila moja mara mbili. Niwaambie kitu sikusema mwanzo kwa sababu sikuwa nimekiunganisha mpaka nilivyosoma #23. Nimetoa slipu zangu zote kwenye bahasha usiku huu nikazipanga chini. Mpaka 2021 nilikua naongezwa kila Januari. Januari 2022 nilikua kwenye likizo ya uzazi ya mtoto wa pili, wenzangu wakaongezwa, mimi nikarukwa. Niliporudi sikuuliza, nilishukuru tu nafasi yangu ipo. Kila nyongeza iliyokuja baadaye ilikua asilimia ya ule mshahara uliorukwa. Kisha kijana akaja akaanzia pale ambapo ningekua.
Kwa hivyo ni mtoto, au ni mimi kutouliza, au ni mhasibu, sijui niite nini. Yote yako kwenye karatasi moja.

#37 Mfanyabiashara_Casuarina
Dada hiyo ya kurukwa likizoni si haki, nasema kama mwajiri. Kwangu msichana akirudi namrudisha na nyongeza ya wenzake.

#38 Wakili_wa_Kijiweni
BintiBarani hapo una kitu kizito kuliko nilivyodhani. Andika barua, ya heshima, uweke tarehe na viwango vya slipu zako, uliza kwa nini Januari 2022 hukuongezwa na uombe wakupangie daraja. Baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Miaka 3 niliyotaja inahesabiwa, usiongeze hata wiki.

#39 BintiBarani (mleta uzi)
Swali la mwisho basi. Nimtaje kijana? Slipu aliniamini nayo, hakunipa nimchome. Na wakimuuliza kwa nini alionyesha slipu yake atafukuzwa yeye, ana mke na mtoto mchanga.

#40 Aliyerudi_Riyadh
Usimtaje. Hajakukosea yeye.

#41 Wakili_wa_Kijiweni
Si lazima jina. Andika "mfanyakazi mwenzangu wa nafasi hiyo hiyo aliyeajiriwa baada yangu". Ikifika mbele, rekodi za mishahara ni za mwajiri na yeye ndiye atakayetakiwa kuzitoa.

#42 Nahodha_Kaskazi
Mimi ningemwambia kijana kwanza. Wewe ndiye uliyemfundisha, akijua kimya kimya kutoka kwa wengine itamuuma.

#43 BintiBarani (mleta uzi)
Nahodha hilo ndilo nitafanya. Kesho tuko shifti moja. Barua nimeshaiandika mistari sita, mdogo wangu anaisoma makosa hapa.

#44 Dada_Kisumu_Ndogo
Ukijibiwa tuambie. Mimi niko hapa

#45 Fundi_Matondoni
Na mwenye kuijua bei ya kweli ya kofia za mkono Mombasa na Unguja anitumie ujumbe. Mamangu amebakisha vidole viwili kumaliza nyingine na mchuuzi yuaja Ijumaa.